Lenzi Pana na Muhuri wa Baraza

28 Machi 1991

Leo Almu, malisho yetu sote, imefungwa. Kuanzia asubuhi hii hadi tarehe kumi Julai hakuna mchungaji atakayekanyaga nyasi za kule juu, awe wa ukoo wetu, Ait Uzru, au wa Ait Wasif walio ng'ambo ya mto. Mzee wa nyasi wa mwaka huu ni Moha ou-Bihi, mtu wa Ait Wasif. Sisi ndio tuliomchagua, kwa kuwa kila upande humchagua mtu wa upande wa pili. Kaka yangu Bassou ndiye aliyemchomeka kishungi cha nyasi mbichi kwenye kilemba, na watu wakashangilia. Moha hakutabasamu. Nilipokuwa na miaka tisa alinikamata ndani ya Almu na mbuzi wetu mmoja kabla ya siku yake, akanivuta sikio hadi mlangoni kwa mama, na baba akalazimika kuchinja na kuwalisha wazee wote. Bado namwogopa. Namshukuru Mungu mimi ni karani wa baraza, sina hata kondoo mmoja wa kunigombanisha naye.

Jambo la pili la leo ni langu peke yangu. Mzee Lmahjoub, mpiga picha za harusi wa mjini Beni Mellal aliyenifundisha kusafisha filamu, ameniazima lenzi yake ya milimita kumi na saba.

"Kaa nayo mpaka malisho yenu yafunguliwe," alisema. "Siku hiyo uniambie, unainunua au unairudisha. Usiniletee jibu la katikati, maana nawajua nyinyi makarani."

2 Aprili

Mvua. Nimeitoa lenzi kwenye soksi ninamoihifadhi mara nne, nikaitazama, nikairudisha.

5 Aprili

Nijaribu kufikiri vizuri. Lenzi yangu ya milimita hamsini huona kama ninavyoona mimi, wala haijanidanganya hata siku moja. Lakini bonde halimo ndani yake. Nikichukua kilele, napoteza malisho. Nikichukua malisho, mbingu inakatwa kama shati lililopungukiwa kitambaa. Miaka minne napiga milima hii vipande vipande, na sijawahi kumwonyesha mtu kwetu kulivyo.

Hii mpya inameza vyote. Niliiweka kwenye kamera, nikaelekeza dirishani, na ghafla nikaona mto, mnara wa msikiti, vilele vyote saba, na viatu vyangu. Nilicheka peke yangu ofisini. Kisha nikaona kasoro. Kilele kilichokuwa kinanitisha kimekuwa kichuguu. Kalamu iliyokuwa karibu imekuwa kubwa kama boriti. Katibu wetu Si Bennasser, yaani Bwana Bennasser, aliyekuwa pembeni kabisa akinywa chai, alikuwa na kichwa kirefu kama tikiti.

Lmahjoub alikwisha niambia. "Kilicho karibu inakipa ukubwa, kilicho mbali inakifukuza. Na usimweke mtu pembeni, atakuchukia."

Ni mshahara wa miezi mitatu. Mama aliishika, akaipima mkononi, akauliza, "Macho mawili aliyokupa Mungu hayakutoshi?"

11 Aprili

Jua baada ya siku nyingi. Nilipanda hadi mpakani mwa Almu, pale penye rundo la mawe lililopakwa chokaa. Chini ya rundo ni kwetu. Kutoka hapo kwenda juu hadi kwenye chemchemi ni kipande cha Ait Wasif, wenye zizi lao la mawe na hema. Wazee husema kutoka rundo hadi chemchemi ni hatua mia mbili na kitu.

Moha alikuwa amekaa kwenye jiwe na fimbo yake.

"Karani," akasema, "umekuja na mbuzi mwingine?"

"Hapana, ami Moha. Nimekuja na kamera tu. Kama haifai nitarudi."

Aliitazama kamera, halafu akanitazama mimi. "Kamera haili nyasi," akasema. "Lakini usivuke rundo."

Ichou, kijana wa Ait Wasif anayelinda zizi, yeye pekee mwenye ruhusa ya kubaki juu, aliteremka kuja kunichokoza. Ataoa Septemba, na mwezi uliopita nilimwandikia karatasi zake. "Mtazameni bwana harusi wa mashine!" alisema. "Mimi natafuta mke, yeye anatafuta mlima. Haya nipige, ila unipunguze pua."

"Ukisimama katikati itapungua," nikamwambia. "Ukienda pembeni utakuwa na pua ya punda."

"Basi niweke katikati, bwana. Baba mkwe ataiona."

Nilimpiga yeye kwanza, kisha nikachuchumaa kando ya rundo, karibu nalo kiasi cha kuligusa, ili lijaze kona ya chini kama Lmahjoub alivyonifundisha. Nyuma yake malisho, chemchemi, vilele. Zizi likaingia ukingoni kushoto. Nikabonyeza.

12 Aprili hadi 20 Aprili

Mvua, na mara mbili mvua ya mawe. Maua ya mlozi yote chini.

25 Aprili

Picha imekuja kutoka Beni Mellal, kubwa kama trei ya chai. Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Rundo jeupe linasimama mbele kama mnara. Nyuma yake nyasi zinakwenda, zinakwenda, zinakwenda, na mwisho kabisa chemchemi inang'aa kama kifungo cha shati. Naamini lenzi hii nitainunua.

Si Bennasser aliipenda. "Itundike hapo kwenye ubao wa matangazo, wageni waone kwamba nasi tuna kitu."

Hakuna karatasi inayoruhusiwa kwenye ubao ule bila muhuri. Ndiyo kanuni ya kwanza niliyofundishwa kazini. Muhuri uliokuwa mezani ni ule ninaoutumia siku nzima kwa vyeti vya kuzaliwa. Niliupiga chini kulia, wino wa bluu, nikatia sahihi kama ninavyotia mara sitini kwa siku. NAKALA HII INALINGANA NA ASILI.

Nilitabasamu nilipoona maneno hayo juu ya mlima. Nilidhani ni kichekesho.

29 Aprili

Siku mbaya. Wanaume watatu wa kwetu walikuja kuchukua vyeti, wakasimama mbele ya picha. Hammou, mwuza mbao, aliweka kidole juu ya rundo, akakipeleka taratibu hadi kwenye chemchemi.

"Hii ni hatua mia mbili?"

Wenzake wakasogea karibu.

"Nakuulizeni. Hii ni hatua mia mbili? Hii ni safari ya kubeba mkate! Wamelisogeza rundo. Wameliteremsha kwetu, wamejipa malisho yote haya. Na hilo zizi, tazameni, limekuwa ngome!"

Nilisema, "Hammou, lenzi ndiyo inafanya hivyo, ni lenzi pana, hupanua..."

"Imepigwa muhuri," akasema. "Huu si muhuri wako?"

"Ni wangu."

"Na muhuri wenyewe unasemaje?"

Alisoma mwenyewe kwa sauti, herufi kwa herufi, kwa maana hajui kusoma vizuri, na kila neno lilinichoma.

Mchana Bassou alikuja, akaing'oa picha ubaoni, akaikunja kwapani. Si Bennasser alijifanya anatafuta kitu chini ya meza.

1 Mei

Bassou na wenzake walikwenda kwa Moha kumtaka awaruhusu kuingia Almu wakapime. Moha akakataa. Almu imefungwa, hakuna mguu utakaoingia mpaka tarehe kumi Julai, hata wake mwenyewe hauvuki rundo. Ndiyo sheria, na sisi ndio tuliomchagua ailinde.

"Mwizi gani," Bassou alisema nyumbani, akimega mkate kwa hasira, "mwizi gani atakufungulia ghala ukague?"

Maana ya Almu kufungwa nimeielewa leo. Kwa wiki kumi zijazo hakuna mtu wa kwetu atakayeipima Almu kwa miguu yake. Kipimo pekee ni picha yangu.

3 Mei

Mbwa wa Ichou amekutwa mtoni, kichwa kimepasuliwa kwa jiwe la kombeo.

9 Mei

Siku ya soko. Niandike polepole.

Moha alikuwa ananunua chumvi. Bassou alimkuta pale akiwa ameishika picha, ameibandika kwenye ubao wa mbao kama mtu anayebeba dirisha.

"Mzee wa nyasi," alisema, "tusomee hii."

"Sijui kusoma, mwanangu. Wewe unajua?"

Watu wakacheka. Najua kaka yangu anavyokuwa watu wakicheka. Baba alipokufa nilikuwa na miaka kumi na moja. Bassou aliacha shule ili mimi nisome. Akabeba mawe, akabeba simenti, na nilipopata kazi hii alinibeba mimi mabegani hadi nyumbani mbele ya watu wote. Lakini tangu wakati ule ukimcheka kwa ajili ya kusoma, huoni tena uso wake, unaona kitu kingine.

Aliunyosha mkono, akakichomoa kile kishungi cha nyasi kwenye kilemba cha Moha, akakitupa kwenye tope.

Halafu Ichou akamrukia Bassou, Hammou akamrukia Ichou, na pande zote mbili zikashikana. Nilimwona mtu akipigwa kwa jiwe la mizani. Nilimwona mwuza mafuta wa Ait Wasif akiburutwa kwa ndevu, mitungi yake ikivunjwa mmoja mmoja. Mzee mmoja alikaa chini akitema meno kwenye kiganja chake na kuyatazama kama aliyeletewa barua asiyoifahamu. Mimi nilikuwa nimejibana nyuma ya magunia ya shayiri, na nilichokiwaza, Mungu anisamehe, ni kwamba lenzi imo kwenye mfuko wangu na wataivunja.

Moha hakupigana. Aliinama katikati ya ile vurugu, akakiokota kishungi, akakifuta tope, akakirudisha mahali pake. Nilimwona damu ikimtiririka sikioni.

10 Mei

Sikula.

14 Mei

Nimejaribu kumwambia mama. "Picha ile si kweli," nikasema.

"Umeichora?"

"Hapana, mama. Vitu vyote vilivyomo vipo. Ila mahali pake si pale."

Aliendelea kukanda unga. "Basi si uwaambie?"

"Wataniuliza kwa nini nilipiga muhuri."

"Kwa nini ulipiga?"

"Kwa sababu ndiyo kazi yangu."

Aliniangalia, mikono imejaa unga, akasema, "Addi, wewe utakufa kwa woga kabla hawajakuua."

19 Mei

Upepo wa moto kutoka jangwani. Kila mtu ana hasira. Si Bennasser kamfukuza mfagiaji.

22 Mei

Wamepanda.

Asubuhi, mara baada ya sala, wanaume hamsini wa kwetu walipita mbele ya nyumba na makombeo na fimbo na madebe ya mafuta ya taa. Bassou alikuwa mbele. Nilitoka mlangoni na maneno yote yakiwa tayari. Nilikuwa nimeyaandika hata kwenye karatasi ili nisibabaike. Bassou alinishika shingo kwa nyuma, kwa upole kama zamani, akasema, "Rudi ndani, mdogo wangu. Wewe umeshafanya kazi yako."

Nikarudi ndani. Naandika hivyo hivyo, bila kupamba. Nikarudi ndani.

Ukungu ulikuwa mzito juu. Saa tatu ukaanza kubadilika rangi, na tukajua wanachoma. Nilikwenda wakati ule, nikikimbia, kama kwamba kukimbia kunafuta saa nilizokaa ndani. Nilipofika kwenye rundo niliukuta moshi wa sufu, harufu ambayo haitoki kwenye nguo zangu mpaka sasa. Hema la nywele za mbuzi lilikuwa limekwisha. Kondoo majike wagonjwa na wale wenye vitoto, ambao sheria huwaruhusu kubaki zizini, walikuwa wamefungiwa ndani. Tisa. Mmoja alikuwa bado anapiga mateke na hana ngozi mgongoni. Mtu wa kwetu alikuwa anamkata koo na huku analia.

Watu wa Ait Wasif walikuwa wamekwisha kufika kwa upande wa juu, na mawe yalikuwa yanapita kwenye ukungu. Hulioni jiwe la kombeo. Unasikia mlio, kisha unasikia limempata nani.

Nilisikia lilipompata Ichou. Mlio wake ni kama wa kibuyu kilichodondoka. Alikuwa hatua kumi tu kutoka kwangu, akitoka zizini na mwana-kondoo kifuani. Alikaa. Akaniona. Akaweka mkono usoni na kuuondoa, akautazama kwa jicho moja, akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Karani, kuna kitu hapa?"

Hakukuwa na kitu.

Nilimfunga kwa kilemba changu. Moha alimbeba mgongoni hadi barabarani, mzee wa miaka sitini na kitu, na mimi nikamfuata nyuma nikiwa nimembeba mwana-kondoo, sijui kwa nini. Njiani hakunitukana. Alisema jambo moja tu, akihema, "Ulisimama wapi siku ile?"

"Karibu na rundo, ami. Karibu sana."

"Nilikuona," akasema. "Nikadhani mtoto huyu anapenda mawe."

23 Mei

Lori la askari limekuja. Nani alirusha? Makombeo hamsini, na ukungu. Hakuna aliyeona.

25 Mei

Nilimkuta Bassou zizini kwetu, akinoa mkasi wa kukatia sufu.

"Kaka, ile picha," nikasema. "Lenzi ile inasukuma mbali kila kitu. Rundo halijasogezwa."

Hakuinua kichwa. "Mia mbili na kumi na moja," akasema.

"Nini?"

"Hatua. Kutoka rundo mpaka chemchemi. Nilihesabu nilipokuwa nakimbia kwenda zizini. Sikutaka kuhesabu, miguu ilihesabu yenyewe. Mia mbili na kumi na moja, kama alivyotuambia baba."

Akajaribu makali ya mkasi kwa kidole.

"Na nilipofika," akaendelea, "wenzangu walikuwa tayari wamemwaga mafuta."

"Kwa hiyo unajua."

"Najua. Na wewe unajua. Na Ichou hana jicho. Haya, bwana karani, msomi wetu, nimwambie nani? Niende kwa mama yake niseme miguu yangu imehesabu?" Aliusimamisha mkasi mbele ya uso wangu. Sidhani alikusudia. "Ukiongea, utakuwa umesema kwamba hawa wote wamefuata mjinga. Mimi ndiye niliyekuwa mbele. Wataniuliza mimi. Kwa hiyo utafunga mdomo wako, Addi, au nitaufunga mimi."

Nilimjua kaka yangu kwa miaka ishirini na tatu kama mtu asiyeogopa kitu. Leo nimemwona anaogopa kuliko mimi.

2 Juni

Ait Wasif wameikata mijozi yetu ya chini, mti baada ya mti. Ule mkubwa aliupanda babu yake babu.

6 Juni

Hammou amekutwa barabarani amevunjwa miguu yote miwili, na kila mguu umefungwa vizuri kwa kamba, kama mzigo wa mbao zake.

12 Juni

Mkuu wa tarafa ameita pande zote mbili uwanja wa soko siku ya Jumamosi. Anataka kuiona "ile hati." Hati! Si Bennasser alifunga mlango wa ofisi tukiwa wawili.

"Sikiliza, kijana. Utasema muhuri uliibwa."

"Na sahihi, Si Bennasser?"

"Ilighushiwa."

"Na nani?"

"Na Moha, na shetani, nijue mimi? Una mama mzee. Kazi hii ukiipoteza utachunga nini, kamera?"

Nimeitoa lenzi kwenye soksi. Kioo chake kinatokeza mbele kama jicho la ng'ombe. Nilitaka kuirudisha Beni Mellal kesho kwa basi la kwanza, yaishe. Kisha nikaona kwamba bila hiyo sina namna ya kuwaonyesha.

15 Juni

Mama ndiye anayeshika karatasi nisiitie damu. Niliandika vipande vipande, siku tatu.

Walikaa pande mbili za uwanja, kila mmoja na fimbo iliyolazwa chini ya joho kana kwamba haipo. Mkuu wa tarafa alikuwa kwenye kiti, askari wanne nyuma yake. Bassou aliileta picha. Mkuu akasoma muhuri, akaniita.

"Hii sahihi ni yako?"

Si Bennasser alikohoa.

"Ni yangu," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba. "Na muhuri niliupiga mimi. Na maneno yaliyoandikwa ni uongo. Nakala hii hailingani na asili."

Nilikuwa na kalamu nyekundu mfukoni, ile tunayobatilisha vyeti. Nikaweka picha mezani, nikapiga mistari miwili juu ya muhuri, nikaandika BATILI, nikatia sahihi tena na tarehe. Nyuma yangu watu walianza kunguruma.

"Amenunuliwa!" mtu wa kwetu akapaza sauti.

Nikamwomba Moha aweke mawe mawili ardhini, hatua kumi kati yake, na azihesabu kwa sauti. Akahesabu, akabaki amesimama kwenye jiwe la pili. Nikaweka kamera yenye lenzi pana chini karibu na jiwe la kwanza, karibu kama siku ile, nikamwita kila anayetaka atazame. Kwanza hakuna aliyekuja. Kisha Ichou akanyanyuka kutoka kwa watu wake, bandeji usoni, akalala kifudifudi, akaweka jicho lake lililobaki kwenye kitundu.

"Kwa hapa moja linatosha," akasema. "Huyu Moha amekwenda nusu ya siku bila kuondoka."

Wakaja mmoja mmoja, wa kwetu na wa kwao, wakilala kwenye vumbi na kunyanyuka wakiwa wamebadilika nyuso. Wengine walitazama mara tatu. Hasira ilikuwa inawatoka na hawajui waiweke wapi. Nadhani ningeishia hapo yote yangekuwa salama. Lakini mzee mmoja aliyekuwa amelala pale alipaza sauti, "Mwangalieni Bassou! Yule pale pembeni! Mkono wake umekuwa shingo ya ngamia!"

Wakacheka. Mia mbili, tatu, pande zote mbili, kicheko cha watu waliotoka kuzika. Hawakumcheka kwa ubaya. Lakini niliuona uso wake ukiondoka.

Alikuja moja kwa moja kwangu. Nilikuwa na maneno mengine mdomoni, yale ya mia mbili na kumi na moja, na sikuwa nimeamua kama nitayasema. Naapa sikuwa nimeamua. Labda aliyaona. Fimbo ilinipata kwenye taya, na nilisikia ndani ya kichwa changu mlio kama wa mtu anayevunja mlango. Nikiwa chini alinipiga tena mbavuni, mara nne au tano, huku akisema, "Nimekubeba! Nimekubeba mimi!" Ait Wasif ndio waliomtoa juu yangu. Moha alinilalia mwili mzima, na kipigo cha mwisho kilimpata yeye begani.

Kamera ilikuwa imekanyagwa lakini ni nzima. Kwenye ukingo wa kioo cha lenzi kuna mkwaruzo mmoja, mwembamba kama unywele.

28 Juni

Taya limefungwa waya. Nanywa maziwa kwa mrija. Watu huja kuniuliza mengi, na mimi nawaonyesha waya. Namba ile iko hapa kwenye daftari tu.

3 Julai

Wazee wa pande mbili wamekubaliana. Wanawake wetu wanafuma hema jipya. Tumetoa majike tisa, na kwa Ichou ishirini wengine, ambao si jicho. Wao watapanda mijozi ambayo hakuna hata mmoja wetu atakayekula matunda yake. Hammou bado hajaweza kusimama na hataki kumsikiliza mtu yeyote, na simlaumu.

Askari aliniletea karatasi ya kumsamehe Bassou, waliyemkamata siku ile ya uwanjani, ili atoke. Iliandikwa vibaya. Niliisahihisha, kisha nikatia sahihi.

Ofisini wameweka karani mwingine kwa muda. Huenda ni kwa daima.

10 Julai

Almu imefunguliwa.

Kondoo walikuwa wamezuiliwa kwenye mstari tangu alfajiri, maelfu, na Moha alisimama kwenye rundo na kishungi chake kilichokwisha kuwa majani makavu. Kabla hajainua mkono alifanya jambo ambalo halikuwa desturi. Alimwita mzee mmoja wa kwetu, na wote wawili wakatembea kutoka rundo hadi chemchemi, wakihesabu kwa sauti kubwa, na bonde zima likahesabu nao. Mia mbili na kumi na moja. Niliihesabu ile namba kwa meno yaliyofungwa. Kisha Moha akakichomoa kishungi kilembani mwenyewe, akakiachia upepo, na kondoo wakaingia kama maji.

Ichou alinipigia kelele, "Karani! Leo tupige wote! Baba mkwe kasema jicho moja halimzuii mtu kuoa, ila anataka ushahidi kwamba pua ipo!"

Walijipanga mbele ya chemchemi, wa kwetu na wa kwao, wakisukumana na kutaniana kwa uangalifu, kama watu wanaojaribu mguu uliovunjika. Niliweka lenzi yangu ya zamani, ile ya milimita hamsini, isiyodanganya. Nilikwisha amua. Lmahjoub atapata lenzi yake na mkwaruzo wake, na radhi zangu. Nikatazama. Walienea vizuri wote, Moha katikati, Ichou karibu naye.

Halafu mama akanigusa bega.

Mbali kushoto, kwenye mawe, nje kabisa ya watu, Bassou alikuwa amesimama. Katoka jana. Hakuja karibu, wala hakuondoka. Nikarudi nyuma hatua tatu, hatua tano, mpaka nikakanyaga mfereji wa chemchemi, maji yakaingia viatuni, na bado hakuingia kwenye picha. Ningemwita, lakini mdomo wangu umefungwa. Ningeweza kumwacha. Watu walikuwa wananingoja.

Nikaitoa lenzi pana kwenye soksi.

Akaingia, ukingoni kabisa, pale Lmahjoub alipokataza kumweka mtu. Akavutika, akawa mrefu kama nguzo, mabega yamepinda, uso hauna umbo. Lakini yumo. Nikabonyeza mara moja tu.

Kesho nakwenda Beni Mellal na jibu langu: nainunua, na mkwaruzo wake. Picha ikitoka sitaipiga muhuri. Nitaandika kwa penseli nyuma yake, kwa ajili ya atakayeishika baadaye: *Wa mwisho kushoto ni kaka yangu Bassou. Si mrefu hivyo, wala hakuwa mbali hivyo.*